Jinsi Mapigoni Walivyofuta Mapumziko

Mimi ni fundi wa pampu. Kwa miaka thelathini na moja nimefungua, nimesafisha na kufunga pampu za maji za shule, za zahanati, za mashamba ya mpunga na za misikiti miwili, na ninayoyaeleza hapa nayaeleza kama fundi. Jina langu ni Lutengano Mwaisaka. Jinsi nilivyofika Mapigoni si jambo la kumchosha msomaji. Niliitwa kwa barua, nikaenda.

Nchi ya Mapigoni iko katikati ya bara lake, imeegemea kushoto kidogo, na pande zote mbili imepakana na Nchi za Upepo. Wenyeji wanasema ukubwa wake ni sawa na ngumi ya mwenyewe. Sikuuliza mwenyewe ni nani, kwa sababu kila niliyekutana naye alikuwa na hakika kwamba ni yeye. Siku hawazijui. Wanahesabu mapigo, na pigo moja, kwa saa niliyovaa mkononi, lilichukua kama nusu saa ya kwetu.

Mlinzi wa lango aliponiandikisha alinisomea sheria moja tu, akasema nyingine zote zimezaliwa na hiyo: hapa hakuna kurudi nyuma, kwa maji wala kwa mtu.

"Na nikisahau kitu?" nikauliza.

"Unazunguka," akasema. "Unatoka kwa Barabara Kuu, unapita barani, unaingia tena hapa. Ni mapigo sitini hivi. Watu wamezoea."

Nikamwambia kwamba kwetu Mapigoni inasifiwa kwa ngoma yake, na kwamba ningependa kuiona. Akanieleza kwa upole kwamba ngoma haipo. Kinachosikika ni milango ikijifunga: kwanza miwili ya ndani kwa pamoja, halafu miwili ya kutokea. Du, kisha dup. Wageni wengi huja wakiuliza habari za ngoma, akasema, na wengine huondoka wakiwa bado wanaamini kwamba wamefichwa.

Nchi ina kumbi nne, mbili juu na mbili chini, na Ukuta wa Kati unaotenga kulia na kushoto kutoka juu hadi chini. Niliingilia Ukumbi wa Juu Kulia, ambako mito miwili mikubwa humwaga maji yaliyotoka kufanya kazi bara zima. Maji hayo ni mekundu, lakini wekundu wake umechoka, umeelekea weusi. Katika ukuta wa ukumbi huo, karibu na mdomo wa mto wa juu, kuna chumba ambacho kwa ukubwa wa nchi ni kama punje ya mchele. Humo anakaa mtumishi mmoja, Bi Kidawa, na ndiye anayeanzisha kila pigo. Hapigi kitu. Hutoa ishara, ishara hupita ukutani kama mtetemo, na watu wa kumbi za juu wakiipata hukamua kwa pamoja, maji yakashuka.

Ishara ikitaka kwenda chini lazima ipite katika Ofisi ya Kuchelewesha. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini jina lilikuwa limeandikwa mlangoni. Ndani alikuwamo Bwana Semboja, mtu mnene, mpole, ambaye kazi yake ni kuishika kila ishara kwa muda mfupi kabla ya kuiachia.

"Kwa nini unaishika?" nikamuuliza.

"Ili kumbi za juu zimalize kumimina kabla ya za chini kuanza kukamua. Nikiiachia mara moja, watakamua wote pamoja na maji hayatajua pa kwenda."

Nimezungukia ofisi nyingi maishani mwangu nikifuatilia vibali vya visima. Hiyo ndiyo pekee niliyoiona ambamo kuchelewesha kuna faida, na ndiyo pekee ambamo mhusika alikiri kwamba anachelewesha.

Nikashuka kwa mlango wa mapazia matatu hadi Ukumbi wa Chini Kulia. Ukuta wake ni mwembamba, kwa kuwa kazi yake ni kusukuma maji hadi Nchi za Upepo, ambazo ziko jirani. Huko maji hutua hewa mbovu, hubeba hewa safi, na hurudi kwa njia nne yakiwa mekundu ya kung'aa, kama nyanya iliyooshwa. Nami nikarudi nayo, nikaingia Ukumbi wa Juu Kushoto, na hapo nikafika kwenye mlango wa mapazia mawili, ambao msimamizi wa kamba zake alikuwa Bi Nyamizi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, viganja vyake vina sugu kama vya mtu wa kinu. Alinipa mkono mmoja na wa pili hakuutoa kwenye kamba. Akanieleza kazi yake bila mimi kumwomba, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba.

"Kamba hizi hazifungui mlango wala hazifungi," akasema. "Maji ndiyo yanafunga. Ukumbi wa chini ukikamuliwa, maji hutafuta pa kutokea, yanayasukuma mapazia yakutane. Bila sisi mapazia yangepinduka upande wa juu, na maji yangerudi kule yalikotoka. Sisi tunayazuia tu."

"Na mnasimama juu ya nini?"

"Juu ya nguzo zilizoota kwenye ukuta. Ukuta ukiwa mzima, nguzo ni nzima. Pale chini mwishoni, unaona ukumbi unapokuwa mwembamba? Ule ni Mtaa wa Ncha. Msimamizi wake ni mume wangu."

Mume wake aliitwa Mlekwa. Walikuwa wakionana kila pigo, na tangu waanze kazi hawakuwahi kusogeleana wakiwa zamu, na zamu Mapigoni haina mwisho. Walikuwa na binti mmoja, Tausi, aliyeajiriwa katika mishipa ya barani. Bi Nyamizi alimwita mumewe Baba Tausi kwa sauti ya kawaida, na yeye kule chini akasikia, akanyanyua mkono.

Ukumbi wa Chini Kushoto ndio fahari ya nchi. Ukuta wake ni mnene mara tatu ya ule wa kulia, kwa sababu unasukuma maji bara zima, hadi vidole vya miguu. Kwa unene huo, wakazi wake wana viti mara tatu zaidi katika Baraza la nchi. Nilipima maji yanayotoka kila upande kwa pigo moja. Ni kiasi kilekile, upande mnene na upande mwembamba. Nikapima tena, nikapata vilevile. Nilipomtajia jambo hilo mwenyeji wangu, alisema vipimo vya aina hiyo huwavunja watu moyo.

Mwenyeji huyo, aliyeniandikia barua, alikuwa Mheshimiwa Kondo Mbaruku, Mjumbe wa Baraza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na alitembea kama mtu anayefuatwa na msafara, ingawa hakuna aliyemfuata. Akaniambia ana hoja kubwa ya kuipeleka barazani na anahitaji mtaalamu wa nje. Akanitaka kwanza nitembee, nione uvivu kwa macho yangu.

Nikashuka hadi Ncha, kwa Mlekwa. Nilimkuta amekaa na wenzake, migongo imeegemea ukuta, macho wazi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na sauti ya chini.

"Karibu, fundi. Usituone tumekaa," akasema. "Tunakula."

Sikuona chakula. Akanionyesha mfereji mwembamba uliopita nje ya ukuta, ukigawanyika kuwa mifereji midogo inayopenya katikati yao. Ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza kuliko yote Mapigoni. Watu wale wanasukuma maji ya bara zima, maji yanawapita kifuani kila pigo, na kunywa hapo hawawezi. Maji yao ya kunywa lazima kwanza yatoke nje kwa mlango mkuu, kisha mwanzoni kabisa mwa Barabara Kuu yaingie katika mifereji miwili midogo, yarudi kwa nje, yawafikie.

"Na tukiwa tunakamua hayatufikii," akasema Mlekwa. "Ukuta ukijikaza unaubana mfereji. Tunajikaba wenyewe. Ndiyo maana tunakula tukiwa tumelegea. Hakuna wakati mwingine."

Nikauchungulia mfereji wake. Ndani ulikuwa umeganda mafuta, manjano, yameshika ukingo mmoja hadi zaidi ya nusu. Kwa fundi hilo halihitaji maelezo. Nikamuuliza kama ametoa taarifa.

"Mara nne. Walijibu kwamba kwa kuwa maji yanapita, mfereji uko wazi. Na kwa kweli yanatutosha, ila kwa shida. Yanachukua muda wote wa mapumziko kutufikia sisi wa mwisho."

Baraza la Mapigoni hukaa ndani ya Ukuta wa Kati. Wajumbe wa kushoto huketi upande wao. Wajumbe wa kulia huketi upande wao pia, na kwa kuwa hakuna ruhusa ya kitu chochote kuvuka ukuta, habari huwafikia kwa njia ya kawaida, yaani kuzunguka bara, nao hujibu kwa maandishi kupitia Nchi za Upepo. Huwa yanafika baada ya kura. Hakuna aliyelalamika, au kama yupo, lalamiko lake lilikuwa bado njiani.

Mheshimiwa Kondo alisimama, akafungua karatasi.

"Waheshimiwa," akasema, "nimefanya utafiti. Pigo moja tukiligawa sehemu tatu, tunafanya kazi sehemu moja. Sehemu mbili tumekaa. Nchi hii inayosifiwa kwa bidii inakaa mara mbili ya inavyofanya kazi. Naomba Baraza liulize: tumekaa tukisubiri nini?"

Wajumbe wakagonga meza. Mmoja akasema kwamba babu yake angeona aibu. Mwingine akapendekeza mapumziko yaitwe kwa jina lake halisi, uzembe, na kumbukumbu zikarekebishwa hivyo.

Kisha ikasomwa barua kutoka Kichwani, mji mkuu wa bara. Barua za Kichwani zilikuwa zikija karibu kila pigo wakati huo, na zote zilisema jambo moja: kuna hatari inakuja, ongezeni mwendo. Hazikuwahi kutaja hatari yenyewe. Niliuliza iwapo kuna mtu aliyewahi kuiona, nikaambiwa kwamba kutoonekana kwake ndiko kunakowatisha.

Nikaitwa kutoa ushahidi.

"Fundi," akasema Mheshimiwa Kondo, "pampu inayofanya kazi haraka inatoa maji mengi kuliko inayofanya polepole. Kweli, si kweli?"

"Ni kweli kama inajaa," nikasema. "Pampu isiyopewa nafasi ya kujaa inasukuma ilichonacho. Ikiwa na kidogo, itasukuma kidogo. Na hawa watu wenu wanakula wakati huohuo wa kujaza."

"Huko kwenu pampu zinapumzika?"

"Zinazopumzika sizifahamu vizuri, mheshimiwa. Mimi naitwa kwa zile zisizopumzika."

Wakacheka. Nilipowaeleza habari za mfereji wa Ncha, mwenyekiti alisema jambo hilo liko chini ya kamati ya mifereji, na kamati hiyo hukutana wakati wa mapumziko. Kura ikapigwa. Iliamuliwa mapumziko yafutwe, na kama hatua ya kwanza yakapunguzwa kwa nusu, na Bi Kidawa akaandikiwa aongeze mwendo. Barua ilipitia Kichwani, kwa maana waya za kumfikia Bi Kidawa zinaanzia huko.

Mapigo arobaini ya kwanza yalikuwa ya shangwe. Maji yalitoka kwa wingi, barani wakatuma pongezi, na Mheshimiwa Kondo akanipitia nilipofikia aniambie kwamba hana kinyongo. Nilikwenda kusimama na Bi Nyamizi mlangoni. Yeye hakuwa akishangilia. Alikuwa akitazama Ncha.

"Wanachelewa," akasema.

Nikatazama. Ishara ilipofika, ukuta wote ulijikaza kwa pamoja, isipokuwa kule chini, ambako ulijikaza baada ya wengine, kama watu walioitwa wakiwa usingizini. Ilipofika zamu ya kulegea, hawakuwahi hata kuegemeza migongo kabla ishara nyingine haijafika.

Maji yakaanza kupungua. Ukumbi haukujaa tena. Ulikamuliwa ukiwa na nusu. Baraza likapata taarifa ya upungufu, likaujadili, likaona chanzo chake ni kwamba mwendo haujaongezwa vya kutosha. Likaongeza.

Hapo watu wa Ncha wakalia. Nimesikia vilio vingi, lakini kile hakikuwa kelele. Kilikuwa uzito, kama mtu ameweka jiwe juu ya nchi nzima. Kikapanda hadi Kichwani. Kichwani, ambako hawajawahi kuwa na ramani nzuri ya Mapigoni, makarani walikisajili kwamba kimetoka Mkono wa Kushoto. Mkono ukaagizwa upumzike. Nakala ya agizo hilo ililetwa barazani, nayo ikapokelewa kama uthibitisho kwamba Mapigoni hakuna tatizo.

"Baba Tausi," Bi Nyamizi akaita.

Mlekwa alinyanyua kichwa. Alikuwa amepiga goti moja. Wenzake wengi walikuwa wameanguka; wawili wa karibu walikuwa wamelala upande, na yeye alikuwa amewashika mikono, akikamua kwa niaba yao.

"Mama Tausi," akasema, na sauti yake ilifika kwa shida. "Shika kamba zako. Usitazame huku."

Mheshimiwa Kondo alikuwa amesimama karibu nasi. Nilimwambia ashuke akawaone. Akasema ana imani kwamba ni wachache.

Bi Nyamizi akanigeukia. "Fundi, wewe huna kamba mkononi. Nenda kwa Bi Kidawa. Mwambie apunguze."

Sasa Bi Kidawa, kama nilivyoeleza, anakaa upande wa kulia, juu. Kutoka tuliposimama, ukipima kwa kamba kupitia ukutani, ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Nikauliza kama kuna mlango wowote katika Ukuta wa Kati, hata wa dharura. Bi Nyamizi akasema ulikuwapo mmoja juu, zamani, kabla bara halijavuta pumzi ya kwanza. Ulifungwa wakati huo ukaota ukuta. Kugonga hakusaidii. Sheria ni ileile.

Nikatoka kwa Barabara Kuu, pamoja na maji, pamoja na kila kitu. Nikachagua njia fupi niliyoiona, ile inayopanda kuelekea Kichwani na kurudi kwa mto wa juu. Kila mji niliopita ulikuwa umefifia. Watu walikaa vibarazani wakiwa na baridi, jasho linawatoka. Nilipowaambia natoka Mapigoni waliniuliza kama hatari imefika. Nikasema imefika. Wakauliza inatoka wapi, nami sikuwa na muda wa kuwajibu.

Nilimkuta Bi Kidawa peke yake katika chumba chake. Alikuwa mwembamba, mtulivu, amezungukwa na barua hadi magotini. Alikuwa akitoa ishara bila kuinua macho, moja baada ya nyingine, haraka, kama mtu anayepeta mchele huku mvua inakuja.

Nikamwamkia, nikamweleza yote. Mfereji, mapumziko, Ncha, Mlekwa.

"Wangapi wameanguka?" akauliza.

"Nilipoondoka, theluthi ya mtaa. Sasa sijui."

Hakuacha kazi. Akasema, "Nina waya mbili hapa. Huu unaniambia niongeze. Huu mwingine unaniambia nipunguze. Wa kuongeza haujanyamaza tangu barua zianze. Wa kupunguza, hakuna anayeutumia. Nilidhani umekatika."

"Bi Kidawa, nani anayekuamuru utoe ishara?"

Akafikiri. "Hakuna. Nilianza kabla Kichwani hawajajua kuandika. Wakanikata waya zote sasa hivi, nitaendelea kwa mwendo wangu."

"Basi kwa nini umewatii?"

"Wanaandika kama watu wanaojua kitu," akasema. "Mimi nakaa kwenye chumba kidogo. Nilidhani wameiona hiyo hatari."

Nikamwambia kwamba nimepita kwao na wanamuuliza mpita njia hatari inatoka wapi. Bi Kidawa akatoa ishara mbili. Kisha akakusanya barua zilizokuwa magotini, akazipanga vizuri, akazikalia. Iliyofuata akaikalia pamoja na hizo bila kuifungua. Akatoa ishara, akangoja. Nikahesabu. Akangoja tena zaidi. Ukumbi ukajaa hadi ukingoni, mara ya kwanza tangu kura, ndipo akatoa nyingine.

"Mpitie Semboja," akasema. "Mwambie aendelee na anachofanya."

Semboja hakuhitaji kuambiwa. Ofisini kwake nilikuta ishara kadhaa zimewekwa kando juu ya rafu. Alikuwa akiziachia baadhi na kuzizuia nyingine tangu mwendo ulipozidi. Nilimuuliza kama alikuwa na kibali.

"Ofisi hii inaitwaje?" akanijibu.

Nilishuka, nikapita Nchi za Upepo, ambazo zilikuwa na maji hadi vizingitini kwa sababu mlango wa Bi Nyamizi ulikuwa umeanza kurudisha. Nikafika kwake. Kamba mbili zilikuwa zimekatika na ncha zake zilining'inia. Pazia moja lilijipinda kila pigo na maji machache yakapenya juu, yakifanya mlio mwembamba katikati ya ile du na ile dup. Alikuwa amejifunga kamba mbili kila mkono, zake na za wenzake walioteleza. Nilishika moja. Hakunikataza.

Mwendo ulikuwa umetulia. Ukuta ulijikaza, kisha ukalegea, na kulegea kwake kukawa na urefu. Maji yaliingia mferejini. Watu wa pembeni mwa Ncha, waliokuwa wamelala lakini hawajafa, wakaanza kuketi mmoja mmoja, wakinywa. Wa katikati hawakuketi. Mlekwa alikuwa wa katikati.

Baraza lilikutana baada ya mapigo kumi. Hoja ya kufuta mapumziko haikufutwa, kwa kuwa ilikuwa imeungwa mkono na wote. Badala yake Mheshimiwa Kondo alileta hoja mpya: kwamba kuanzia sasa kuwe na kazi maalumu iitwayo Kazi ya Kujaza, itakayofanywa sehemu mbili kati ya tatu za kila pigo, na itakayofanywa kwa kukaa. Ikapita bila kupingwa. Wajumbe wa kulia walituma barua ya kupinga hoja ya kwanza. Ilifika wakati huo, ikahesabiwa kuwa ni kuunga mkono ya pili. Nikaombwa niweke sahihi kama mtaalamu wa nje. Niliuliza iwapo mfereji wa Ncha utasafishwa. Mwenyekiti akasema umeingizwa katika mpango. Nikasema nitaweka sahihi ukishasafishwa, wakaandika kwamba fundi alikuwa na dharura ya safari.

Nilikaa Mapigoni kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilifundisha watu wa Ncha waliobaki namna ya kukwangua mafuta kwenye mfereji bila kutoboa ukingo. Ni kazi ya subira, na waliifanya wakati wa Kazi ya Kujaza, ambayo kwa bahati nzuri hakuna aliyekuwa na hakika inahusu nini.

Wale waliokufa hawakuzikwa. Mapigoni hakuna ardhi nyingine ya kuzikia. Mtu akifa ukutani anabaki ukutani. Kidogo kidogo walikauka, wakawa weupe, wagumu, wakashikana kama nyuzi za mkonge zilizosokotwa. Niliogopa, kama fundi, kwamba pale ndipo ukuta utakapopasuka. Nilikagua kila baada ya mapigo machache. Sehemu ile haikujikaza tena, wala haikutanuka.

Siku ya kuondoka, nikisema siku kwa hesabu ya kwetu, nilikwenda kumuaga Bi Nyamizi. Barua ilikuwa imetumwa kwa Tausi, ikizunguka. Nilimpa pole tena, kwa sababu ile ya kwanza nilimpa tukiwa tumeshika kamba na sikuwa na hakika kwamba aliisikia.

"Niliisikia," akasema.

Tukatazama chini. Ukumbi ulikuwa unajaa.

"Nguzo yangu imeota karibu na pale alipo," akasema. "Wenzake wa pembeni wakikamua nawasikia kwenye nyayo. Yeye simsikii. Sehemu yake imenyamaza."

Nikatazama mahali penyewe.

"Lakini wakikamua, wanauvuta ule upande," akasema. "Wanauvuta kwa nguvu, fundi, kila pigo. Na hajaachia."

Ishara ikafika. Akakaza kamba, na mlango ukafunga.